Kinywa cha Saa Kumi na Moja

Wiki hii meno ya Tata Njeri yako kwa gilasi kando ya sinki yangu, na kila nikiingia jikoni asubuhi natamani kutapika. Si kwamba ni machafu. Anayasugua mwenyewe kwa mswaki na chumvi mpaka yanang'aa, halafu anayazamisha kwa maji na kuyafunika na kisahani. Ni ile harufu tu, ndogo, ya chumvi na mate ya mtu aliyeamka, ambayo hunirudisha Kimbo, mtaa niliolelewa, bila kuniuliza kama nataka kurudi. Mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu hapa Ruiru, nina msichana wa darasa la nne, na bado kinywa cha mtu ambaye hajapiga mswaki hunifanya nishike ukuta.

Tata ni dada mkubwa wa mama yangu, na ndiye alinilea. Siku hizi anaishi Gatuanyaga na mbuzi wake, na amekuja kwangu kwa wiki moja kupimwa macho. Nilimpokea kwa furaha, haki ya Mungu. Lakini kuna jambo moja la hapa kwangu ambalo sikutaka alione, na ameliona jana. Ili nilieleze vizuri lazima nianze na vile vinywa.

Nilipelekwa Kimbo nikiwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Kwetu mvua ilikuwa imekataa, shule ilikuwa mbali, na mama akasema Tata ana nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, na pazia la maua katikati. Upande mmoja walilala Tata na mume wake, Anko Ndung'u, aliyekata mawe machimboni. Upande wa pili tulilala mimi na binti yao Shiro, aliyenizidi miaka miwili na kunikumbusha kila siku. Nje kulikuwa na mfereji mmoja wa watu wote, tangi la maji, na magunia ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki nyuma ya tangi.

Nilimpenda Tata kuliko nilivyojua kusema. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka steji ya matatu, na alinisuka nywele bila kunivuta. Jioni alinipa ukoko wa ugali kabla Shiro hajauona. Nikikojoa kitandani alianika blanketi mapema na kusema, ili majirani wasikie, "Huyu Shiro na kumwaga chai!" Shiro alinuna wiki nzima. Mtu kama huyo ungemfanyia nini, mtoto wewe? Ungemlinda. Na mimi nililinda, Mungu anisamehe, nililinda vibaya.

Chumba cha tatu kutoka chetu alikaa Mama Tabitha, kiongozi wa kundi la maombi la akina mama. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, leso yake ikinuka sabuni ya kuogea, na alipiga pasi hata nguo za kufulia. Siku moja alituletea mpango, wa kuja kuomba nasi chumbani kwetu. Siku arobaini za alfajiri, bila kukosa hata moja. Kuamka saa kumi na moja, kusimama duara, kushikana mikono, kila mtu kuomba kwa sauti kwa zamu, kisha kusoma, kisha kusema mstari wa moyo. Na sharti moja ambalo sijawahi kulisikia popote tena: hakuna kitu kinaingia mdomoni kabla ya maombi. Si chai, si maji, si mswaki.

"Neno kwanza, maji baadaye," Mama Tabitha alisema. "Maneno ya kwanza ya mdomo ni malimbuko. Huwezi kumpa Bwana malimbuko yameoshwa na dawa ya meno."

Ukisikia hivyo inaonekana ni jambo takatifu. Sasa jaribu kulifanya. Chumba cha mabati, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, watu watano wametoka kulala sasa hivi, wamesimama uso kwa uso, na wanaomba kwa nguvu. Si kunong'ona. Kwa nguvu, kwa herufi zote, hasa zile za kurusha mate. Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote, kwa hiyo kila kinywa kilikuwa juu yangu, na kila "Haleluya" ilinishukia kichwani ikiwa ya moto. Woi! Kulikuwa na vitunguu vya Shiro vya jana. Kulikuwa na sigara ya Anko, ambaye alikuwa ametangaza kanisani kwamba ameacha. Kulikuwa na Mama Tabitha, aliyenuka njaa, harufu ya chuma fulani, kwa sababu alifunga Jumatano na Ijumaa. Mikono ilikuwa na jasho. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, halafu nikagundua kwamba kwa mdomo ni vibaya zaidi, maana unahisi kama unaila.

Tata alitutengenezea kadi. Alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza nyuma, akachora mistari kwa rula ya Shiro, jina la kila mtu na miraba arobaini. Ukimaliza ibada unatia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Nilipenda ile kalamu. Niliamka kwa ajili ya ile kalamu, tusidanganyane. Baadaye nikiwa mkubwa nimesikia wahubiri wakisema mazoea ya kila siku hujenga roho kidogo kidogo, na nimekubali kwa kichwa, lakini mimi nilichojengewa kwanza ni hamu ya kuona mraba ukijaa.

Jumapili Mama Tabitha ndiye aliyefundisha watoto. Alituambia kwamba dhambi ina harufu. Mbele ya Bwana, alisema, dhambi iliyofichwa hunuka kama panya aliyekufa kwa dari, na mtu akiiungama harufu inaisha. Alifinya pua ili tuelewe. Watoto wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kila kitu kiliingia mahali pake. Kumbe ndiyo sababu hatupigi mswaki! Tukipiga mswaki tutakuwa tumeficha. Lazima tusimame pale na uchafu wetu wa usiku, tuungame, utoke. Ndiyo maana baada ya ibada watu walikunywa chai na harufu ikaisha.

Kuanzia siku hiyo nikawa mkaguzi. Kila alfajiri nilinusa kila mtu kama mama anavyonusa maziwa kabla ya kuyachemsha. Anko, dhambi ya kati, na najua ni gani. Shiro, dhambi ndogo ndogo za uchoyo. Yangu niliipima kwa kuhema ndani ya kiganja, na niliiona ya kawaida. Tata mwanzoni alikuwa karibu hana kitu.

Halafu Tata akaanza kuumwa na jino. Lilikuwa gego la chini, la nyuma. Anko akamwambia aende akang'olewe, pale karibu na steji kuna daktari. Mama Tabitha akasema ngoja. Tuko katikati ya siku arobaini, kwani Bwana ameshindwa na jino? Wakaliombea, wakaliwekea mikono, na maumivu yakatulia kwa siku mbili. Jumapili hiyo Tata akasimama mbele ya kanisa lote akatoa ushuhuda. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani. Alisema jino limepona, na watu wakapiga makofi, na Mama Tabitha akalia akipangusa macho na leso yake ya sabuni.

Jumanne jino lilirudi. Lakini ushuhuda ukishatolewa unaurudisha vipi? Unasimama tena Jumapili useme nini? Tata akanyamaza. Nikikumbuka hilo hasira hunipanda mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mimi jino sikulifikiria hata kidogo. Jino lilikuwa limepona, si nilisikia mwenyewe kanisani? Nilichojua ni kwamba kinywa cha Tata kilianza kunuka. Kwanza kama maji yaliyolowekwa maharagwe yakasahaulika. Nilisimama kando yake, mkono wangu kwenye mkono wake, kwa hiyo mimi ndiye nilipata yote. Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko sigara. Wiki nyingine ilikuwa ya kitu kilichokufa, kweli kabisa, kama ule mfano wa panya, utamu-utamu fulani unaokwama kooni. Alipofika kwenye "Asante Baba" nilikaza tumbo. Nilihesabu sentensi zake. Nilimpenda na nilitamani afunge mdomo, na vitu hivyo viwili vilinifanya nijione mtoto mbaya sana.

Na kwa akili yangu nikafikia uamuzi mmoja. Tata ana dhambi. Kubwa. Anaificha.

Nikaanza kumchunguza ili nijue ni ipi. Nilimfuata dukani nikaona kama anaiba. Alinunua chumvi na kiberiti, akalipa. Nikatazama kama anazungumza na wanaume; alizungumza na muuza makaa, wakagombana kuhusu gunia. Siku moja mchana nilimkuta nyuma ya tangi, ameinama juu ya magunia ya sukuma, ameshika shavu kwa mikono miwili. Alikuwa akilia bila sauti, mabega yakitikisika, na alitema kitu kwenye udongo, akakifunika kwa mguu. Aliponiona alijipangusa haraka.

"Ciku, hujaona kitu, sawa mami?"

"Sawa, Tata."

"Usimwambie Anko. Wala Mama Tabitha."

"Siwezi."

Na nikajivuna! Nilijua anatubu. Nilijua sasa tuna siri, mimi na yeye, na kwamba mimi ndiye nitamsaidia kuibeba mpaka iishe. Nilianza kumwombea kimyakimya kila jioni. Alfajiri harufu ikizidi, nilimshika mkono kwa nguvu zaidi ili ajue kwamba mimi sitasema. Mtoto wa meno mapengo akimlinda mtu anayeoza. Nikiifikiria sasa nachukia kila mmoja aliyekuwa kwenye lile duara, kuanzia mimi.

Kwa sababu wengine walinusa pia. Usidhani ni mimi peke yangu. Mama Tabitha, aliyeshika mkono wa pili wa Tata, alianza kuja na leso yake, akaiweka mdomoni akijifanya amezidiwa na Roho. Anko aligeuza uso akaomba akiangalia mabati. Shiro alihama kutoka upande ule akaenda upande wa mlango, akasema huko kuna hewa. Watu wazima wawili wakubwa, wenye pua zao, waliopewa na Mungu pua, walisimama pale kila siku wakasema "Amina" kwa kinywa kile, kisha wakatia vema kwa kalamu nyekundu.

Siku za thelathini na kitu Tata akaanza kuvimba chini ya taya. Alijifunga kitambaa, akasema ni baridi. Kicheko chake kiliisha kwanza, halafu kula kukaisha, akawa anakunywa uji kwa kona ya mdomo. Kuomba aliomba, lakini maneno yalitoka yamebanwa, kwa sababu taya halikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Na bado aliamka wa kwanza. Na bado alitutilia chai. Miraba yake ilikuwa imejaa yote, mstari mnyoofu mwekundu, mzuri kuliko wa mtu yeyote.

Jumapili kabla ya siku ya arobaini, Mama Tabitha alitufundisha watoto kwamba kipindi cha Bwana kikiisha, dhambi ambayo haijaungamwa hubaki na mwenyewe. Hufungwa naye ndani, na mlango hufungwa. Alifunga Biblia yake kwa kishindo ili tuelewe.

Sikula siku hiyo. Nilihesabu miraba kwenye ukuta. Ilikuwa imebaki mitatu, na Tata alikuwa hajaungama, na hawezi hata kufungua mdomo aungame. Mlango utafungwa naye ndani na ile harufu milele. Nilikuwa nimemwahidi sitasema. Lakini nilifikiri, nikimwambia Bwana si nimewaambia watu. Bwana si Anko, wala si Mama Tabitha. Hiyo ndiyo hesabu yangu, na niliiona safi kabisa.

Alfajiri ya Jumatatu zamu yangu ilipofika, kwa kawaida nilisema asante kwa kutuamsha na kumalizia. Siku hiyo nilifumba macho nikashika vidole vya Tata, vilivyokuwa vya moto kama sufuria, nikasema, "Bwana, tafadhali msamehe Tata ile dhambi yake inayonuka. Hawezi kusema mwenyewe, mdomo umefunga. Mimi ndiye namsemea."

Nilisikia mfereji ukidondoka nje.

Mama Tabitha ndiye wa kwanza. "Shindwe!" akapiga kelele, na si kwa shetani, kwangu. "Mtoto gani huyu anatukana mzazi mbele ya madhabahu? Njeri, huyu umemlea aje?"

Lakini Anko aliachilia mikono. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayerudi nyumbani na vumbi kwenye kope, na sikuwahi kumsikia akimjibu Mama Tabitha. "Ngoja," akasema. Akachutama mbele yangu. "Ciku. Inanuka aje?"

"Kama kitu kimekufa, Anko."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoa ushuhuda."

Kisha akainuka, akawasha taa, akachukua kijiko cha chai kutoka kwenye kikombe, akamwambia mke wake, "Fungua." Tata alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Njeri, fungua, mama." Akaingiza kijiko polepole katikati ya meno, akainamisha uso wake pale, na nikaona Anko Ndung'u, aliyezoea vumbi na baruti, akigeuka pembeni na kutapika kwenye karai la vyombo.

Alipoinuka alikuwa analia. "Hata mimi nilinusa," akasema. "Wiki tatu nimenusa. Nilinyamaza kwa sababu ya hiyo sigara yangu, mtu asije akaniuliza."

Mama Tabitha alikuwa tayari mlangoni, leso puani, waziwazi sasa.

Walimpeleka Thika kwa pikapu ya muuza makaa, yule yule niliyemshuku. Tulibaki mimi na Shiro na kadi ukutani. Hospitalini walimkata shingoni kutoa usaha, wakamng'oa lile gego na mengine matatu, na daktari alimwambia Anko kwamba uvimbe ulikuwa unaelekea kooni, na kwamba angechelewa siku mbili angekosa njia ya hewa. Siku mbili. Ilikuwa imebaki miraba mitatu.

Nilipelekwa kumwona Jumamosi. Alikuwa na mpira wa kutolea usaha shingoni na bendeji ya manjano, na wodi nzima ilinuka dawa, na niliisikia ile dawa kama manukato. Sikujua kama amenikasirikia. Nilisimama mbali nikaangalia miguu ya kitanda. Ndipo Mama Tabitha akaingia na chupa ya uji, nguo zimepigwa pasi, akamshika mkono na kusema kwa sauti ya upole kwamba asivunjike moyo. Zile siku zimekatika, ndiyo, zilibaki tatu tu, ni huruma, lakini Bwana ni mwema. Akitoka hospitali wataanza upya, siku ya kwanza.

Nilidhani Anko atampiga. Hakumpiga, alichukua ile chupa ya uji akaiweka nje ya mlango wa wodi, akarudi akakaa. Tata hakuweza kusema. Aliinua mkono ule mwingine, wenye sindano, akaniita kwa vidole. Nilipofika alinivuta kichwa akakiweka kifuani kwake na kukishikilia hapo mpaka Mama Tabitha akaondoka.

Aliporudi nyumbani nilitarajia kwamba maombi yamekwisha. Nilifurahi, sitaficha. Kadi ilikuwa imetolewa ukutani, na mahali pake palibaki mraba safi kwenye moshi. Lakini asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja, nikasikia kiberiti. Nikafunika kichwa. Ai, huyu Tata! Hajakoma tu?

Niliposogeza pazia nilikuta stuli katikati ya chumba. Juu yake kulikuwa na karai la maji ya moto, kikombe cha chumvi, na miswaki minne mipya, bado kwenye karatasi. Tata alikuwa amekaa kando, shavu limeporomoka upande ule, kovu jekundu shingoni.

"Kwanza mdomo," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na haikurudi kamwe kuwa ile ya zamani. "Kila mtu."

Tukapiga mswaki, sote wanne, tukitema kwa karai moja. Dirisha alikuwa amelifungua. Kisha kabla hatujashikana mikono, akanigeukia mimi, si Anko, si Shiro. Akainama mpaka uso wake ukafika usawa wa wangu, akafungua kile kinywa, na nikaona mapengo yake, makubwa kuliko yangu.

"Nusa," akasema.

Nikarudi nyuma.

"Ciku, nusa. Sema ukweli. Nanuka?"

Nikanusa. Ilikuwa chumvi, na damu kidogo. "Hapana, Tata. Kidogo tu. Damu."

"Asante. Sasa tuombe."

Hiyo ndiyo ikawa ibada ya nyumba ile. Kila siku, mpaka nilipoolewa nikatoka, Tata aliinama kwanza mbele yangu akafungua mdomo, na hakuomba mpaka nimjibu. Nilipokuwa msichana mkubwa nilichukia. Nilimwambia ni uchafu, watu hawafanyi hivi, tunaonekana vichaa. Alisema, "Ndiyo, ni uchafu. Nusa." Hakuwahi kuweka kadi tena ukutani. Kulikuwa na siku aliumwa na hakuomba, na hakuna mtu aliyehesabu.

Sasa nimefika kwenye lile la kwangu.

Mimi ni kiongozi wa kundi la akina mama kwenye simu. Ni kundi kubwa, linajulikana, na kila asubuhi saa kumi na moja na nusu linapata sauti yangu. "Wapendwa, nimetoka magotini sasa hivi, na Bwana amenipa neno." Wananiita Mama wa Alfajiri. Wananiandikia kwamba uaminifu wangu umewainua. Sijakosa hata siku moja tangu nianze. Sauti zenyewe huzirekodi Jumapili alasiri, zote saba, nikiwa nimekaa kwenye gari ili mwangwi wa nyumba usisikike, na simu inazituma yenyewe. Saa kumi na moja na nusu mimi huwa nimelala. Kuomba kwa kweli, mimi na Mungu, sikumbuki mara ya mwisho. Si mwezi, si miezi. Nimejua kwa muda mrefu kwamba kuna kitu kimeoza, na nimekuwa nikikitilia vema kwa kalamu nyekundu.

Jana Tata alikuwa sebuleni ameamka, kama kawaida yake. Simu yake, ile ndogo niliyomnunulia mwenyewe na kumwingiza kwenye kundi mwenyewe, nikijivunia, iliyokuwa imezimika tangu aje mpaka nilipoichaji juzi usiku, ikalia. Akaibonyeza. Sauti yangu ikajaa nyumba, changamfu, iliyooshwa vizuri: "Wapendwa, nimetoka magotini sasa hivi." Na mimi nikaamka kitandani nikijisikia mwenyewe kupitia ukuta, nikiwa na udenda kwenye mto.

Nilisikia slipa zake zikija kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi. Akasimama pale bila meno, simu mkononi bado inaongea, akaniangalia. Akazima simu, akarudi sebuleni, na siku nzima akanisifia chakula na kumsuka binti yangu nywele bila kumvuta. Nilingoja aseme. Nilimchukia kidogo kwa kutosema, na nikajua kwamba hivyo ndivyo na yeye alivyotungoja sisi, wiki tatu, tukiwa tumeshika mikono yake.

Leo niliamka kabla yake. Niliingia jikoni, nikaiona ile gilasi. Nikamkuta ameketi kwenye kochi gizani, anatafuta miwani yake. Nikapiga magoti mbele yake kwenye zulia, mwanamke mzima, sijapiga mswaki. Nikafungua mdomo.

"Tata," nikasema. "Nusa."

Alinishika kidevu kwa vidole vyake vikavu, akasogeza uso karibu kabisa, akavuta pumzi polepole, na hakugeuka.

"Unanuka, mami," akasema. Kisha akainuka, akashika ukuta, akaenda kuchemsha maji.